Swali na Jibu katika Nyaraka za Kanisa za Nyanda za Juu za Kusini

Katika uchambuzi wa fasihi ya Kiswahili barua imepewa heshima ndogo kuliko ile inayostahili. Utenzi una wafasiri wake, hadithi ina wachambuzi wake, na methali zimekusanywa na kupangwa katika vitabu. Lakini barua huachiwa wanahistoria, ambao hutafuta habari ndani yake na kisha huitupa kando kama kifuu kilichokwisha kukunwa nazi. Walakini barua si maandishi machanga katika lugha hii. Barua za Kiswahili za zamani kabisa zijulikanazo, zilizotoka Kilwa na kuhifadhiwa Goa, zaanzia mwaka 1711, na kwa hiyo zimeitangulia hati ya Utenzi wa Tambuka ya mwaka 1728. C. G. Büttner naye, alipochapisha mwaka 1892 mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, alizipa barua nafasi kubwa. Humo huonekana kwamba watu wa pwani walikuwa na ufundi kamili wa barua: salamu kwanza, kisha cheo cha mwandikiwa, kisha hali ya afya na jamaa, na mwisho haja yenyewe, ikiletwa taratibu kama mgeni anayebisha hodi.

Katika Nyanda za Juu za Kusini za Tanzania, yaani nchi ya Mbeya na Iringa pamoja na Rungwe na Njombe, barua iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1891 misheni mbili za Kiprotestanti kutoka Ujerumani zilifika kaskazini ya Ziwa Nyasa: Misheni ya Berlin, iliyoongozwa na Alexander Merensky, na Wamoravian wa Herrnhut, walioanza kazi Rungwe wakiwa na Theodor Meyer na wenzake. Miaka michache baadaye mapadre Wabenediktini walijenga Tosamaganga, karibu na Iringa, mahali ambapo baada ya Vita Kuu ya Kwanza palishikwa na Wamisionari wa Consolata. Kila kundi lilikuwa na wakubwa wake ng'ambo, na kila jambo zito lililotokea kijijini lilipaswa kuandikwa, kupelekwa, kungojewa na kujibiwa. Kwa hiyo Kanisa la nchi hizi, kabla halijawa na vitabu vyake, lilikuwa na barua zake.

Barua hizo zafaa kusomwa kama fasihi, na kipimo cha ubora wake ni kimoja: je, swali lililoizaa barua lasikika bado ndani ya jibu? Barua ya mchungaji ambayo ndani yake muulizaji angali anasema ni maandishi yenye uhai, hata kama sarufi yake ina kasoro. Barua ambayo muulizaji amekwisha kufutwa hubaki amri tupu, hata ikiwa imeandikwa kwa lugha ya kupendeza.

Kipimo hicho chatoka katika barua zile zile ambazo wachungaji wote wamezifanya kielelezo. Mtume Paulo, aingiapo sura ya saba ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, ataja mambo ambayo Wakorintho walikuwa wamemwandikia. Kumbe wao ndio walioandika kwanza. Barua yao imepotea. Ya Paulo imebaki, ikatiwa katika Maandiko, ikafasiriwa na kuhubiriwa. Wataalamu hata leo hubishana ni maneno yapi katika sura zile yaliyo ya Paulo mwenyewe, na ni yapi yaliyo ya Wakorintho, ambayo Paulo ayarudia ili apate kuyajibu. Tofauti hiyo si ndogo. Neno moja, likisomwa kama agizo la Mtume, lamfunga mwumini. Likisomwa kama dai la waulizaji, huenda likamfungua. Kwa kupotea nusu ya mazungumzo, hata ile nusu iliyosalia imekuwa ngumu kusomwa.

Hali ya namna hiyo hiyo ilizipata barua za Nyanda za Juu. Wamishenari walikuwa waandishi wenye bidii. Wamoravian hasa walikuwa na desturi, iliyotoka Herrnhut tangu karne ya 18, ya kuandika shajara za vituo, taarifa za sharika, na habari za maisha ya waumini zilizosomwa hadharani siku ya mazishi. Maandishi hayo yamehifadhiwa Ulaya kwa uangalifu. Lakini maneno ya mzee wa usharika aliyemwendea mmishenari jioni kuuliza shauri, au karatasi ya mwalimu wa kijiji aliyeomba msaada katika kesi iliyomshinda, hayakuwa na kabati la kuyatunza. Aghalabu yamebaki kama kivuli tu ndani ya taarifa ya mwingine: sentensi isemayo kwamba wenyeji wameuliza jambo fulani, na mara hiyo hiyo kurasa tatu za maoni ya mmishenari.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni swali la ndoa. Mtu mwenye wake wawili au watatu aliposikia Injili na kuomba ubatizo, afanyweje? Swali hili halikuzaliwa Rungwe. Wamoravian walikuwa wamelijibu tangu karne ya 18 katika visiwa vya Karibi: aliyekuja na wake wengi asilazimishwe kuwafukuza, ila asiongeze mwingine, wala asipewe kazi ya uongozi. Mwaka 1862 Askofu John William Colenso wa Natal alichapisha barua kwa Askofu Mkuu wa Canterbury akidai jambo lililo karibu na hilo, kwa hoja kwamba kumwamuru mume kuwaacha wake aliowaoa kwa haki ni kuwadhulumu wanawake wasio na kosa. Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana huko Lambeth mwaka 1888 ulikataa mtu wa namna hiyo asibatizwe. Mkutano wa mwaka 1988 ulikubali abatizwe pamoja na wake na watoto wake wanaoamini, kwa masharti. Kutoka barua ya Colenso mpaka kibali cha Lambeth ni miaka 126. Wapo watu waliozaliwa, wakaoa, wakazeeka na kufa wakiwa nje ya mlango wa Kanisa huku jibu likingojewa.

Katika Nyanda za Juu mwandishi anayestahili kukumbukwa katika jambo hili ni Traugott Bachmann, Mmoravian aliyefanya kazi Mbozi miongoni mwa Wanyiha tangu mwaka 1899 mpaka vita ilipomwondoa mwaka 1916, na ambaye Agano Jipya kwa Kinyiha, lililochapishwa mwaka 1913, latokana na kazi yake. Bachmann alikuja akiwa na hakika ya majibu yake. Kumbukumbu alizoziandika zaonyesha jinsi hakika hiyo ilivyopungua kadiri alivyozidi kuwasikiliza wazee wa Mbozi. Mwishowe alishika neno ambalo wenzake wengi hawakulipenda, kwamba mila za Wanyiha zisipigwe marufuku na mgeni, bali waumini wenyewe wazipime mbele ya Mungu wao. Thamani ya maandishi yake haitokani na utulivu wa mtindo wala na elimu ya theolojia. Yatokana na jambo moja adimu katika fasihi ya kimisheni: mwandishi aonekana akiulizwa, akishindwa kujibu, na akibadilika. Mnyiha katika kurasa hizo si mfano wa kuthibitisha somo. Ni mtu anayemsumbua mwalimu wake.

Hata hivyo nusu nyingine bado ina pengo, na pengo hilo ni mwanamke. Katika mabishano ya ndoa walioandikiana walikuwa wanaume: mmishenari na bodi yake, mzee na mmishenari, askofu na askofu. Mke wa pili, ambaye ndiye aliyekuwa akijadiliwa, hakuandika wala hakuandikiwa. Kwa bahati njema kuna maandishi yanayoweza kusomwa kando ya barua hizo. Elise Kootz-Kretschmer, mke wa mmishenari Mmoravian wa Utengule karibu na Mbeya, alikusanya habari za maisha za wanawake na wanaume waliofika katika vituo vya misheni, na kazi yake kubwa juu ya Wasafwa ilichapishwa katika majuzuu matatu kati ya mwaka 1926 na 1929. Humo, na katika habari nyingine alizoziandika, husikika wanawake waliotekwa, waliouzwa na waliofiwa na waume katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Kwa mwanamke wa namna hiyo nyumba ya mume, hata kama ilikuwa na wake wengine, haikuwa tu suala la mafundisho. Ilikuwa boma dhidi ya mateka. Msomaji aliyekwisha kusoma habari hizo hawezi tena kuzisoma barua za nidhamu ya Kanisa kwa moyo ule ule. Aona kwamba neno dogo kama "amwache" lilikuwa na mtu ndani yake, na kwamba mtu huyo alipaswa kwenda mahali fulani kulala usiku ule.

Mwaka 1916 majeshi ya Kiingereza yaliingia kutoka Nyasaland, na wamishenari Wajerumani wakaondolewa. Waskoti wa misheni ya Livingstonia, iliyokuwa upande wa magharibi wa Ziwa Nyasa, walichukua jukumu la kuziangalia sharika, lakini walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa namna ile. Kazi ya kila siku ya kufundisha, kuonya, kuzika na kusuluhisha ilibaki mikononi mwa walimu na wazee Waafrika, mpaka Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920. Kwa muda wa karibu miaka kumi waulizaji wakawa wajibuji. Jambo hili lilibadili tabia ya barua za Kanisa kuliko mkutano wowote. Mtu aliyezoea kuamua kesi za usharika wake harudi kwa wepesi kuwa mtu wa kuomba ruhusa. Na wamishenari waliporudi walikuta watu ambao wangeweza kusema nao kama wenzi. Vita Kuu ya Pili iliyarudia mambo yale yale: Wajerumani walitiwa kizuizini tena, na misaada ya Kanisa ikatoka Sweden na Marekani, lakini mizizi ilikuwa imekwisha kushika ardhi.

Waskoti wale wale waliozitunza sharika za Rungwe ndio waliopata, nyumbani kwao Livingstonia, mfano mzuri wa barua ya upande wa pili. Mwaka 1914 kanisa lao liliwawekea mikono wachungaji wake Waafrika wa kwanza, watatu kwa hesabu, mmoja wao akiwa Yesaya Zerenji Mwasi. Mwaka 1933 Mwasi alijitenga na presbiteri, akaandika kwa Kiingereza maelezo marefu ya sababu zake za kufanya kazi peke yake. Maelezo hayo ni marefu kweli, na mahali pengine yanajirudia. Lakini kwa mhakiki ni hazina, kwa kuwa humo mchungaji Mwafrika haonekani kupitia maneno ya mwingine. Apanga hoja zake mwenyewe, kwamba Kanisa la mahali lina haki ya kujiongoza, na kwamba halikui likishikwa mkono daima na mgeni. Laiti maandishi kama hayo yangalihifadhiwa kutoka Rungwe, Mbozi, Kidugala na Ilembula, historia ya mafundisho katika nchi hizi ingalisomwa kwa namna nyingine. Makanisa ya Kiafrika yaliyovuka kutoka Nyasaland kuingia Rungwe baada ya vita, na kuwapokea watu wenye wake wengi, hayakuzuka kwa uasi mtupu. Yalikuwa jibu kwa swali ambalo makanisa ya kwanza yaliendelea kulijibu bila kulisikiliza.

Hapa yafaa kusema neno juu ya lugha. Misheni za kusini zilijenga sharika zao juu ya lugha za wenyeji. Agano Jipya la Kinyakyusa lilichapishwa mwaka 1908, miaka mitano kabla ya lile la Kinyiha. Lugha hizo zilitosha kwa mahubiri na nyimbo; lakini barua inayotoka kwa Mnyakyusa kwenda kwa Mhehe, au kwa Mbena kwenda kwa mtu wa pwani, ilihitaji Kiswahili. Gazeti la Kiprotestanti la Pwani na Bara, lililoanza mwaka 1910, lilibeba katika jina lake haja hiyo ya kuunganisha pande mbili. Kwa hiyo Kiswahili cha wachungaji wa Nyanda za Juu ni Kiswahili cha watu waliokichagua kwa kazi maalumu, yaani kuwaandikia ndugu wasiosema lugha ya mama yao. Kimepata humo sifa zake: sentensi fupi, upole wa kuonya, na salamu zake yenyewe. Pale ambapo mtu wa pwani huanza kwa salamu za Kiislamu, Mkatoliki wa Tosamaganga huanza kwa Tumsifu Yesu Kristo, na Mlutheri wa Njombe huanza kwa Bwana Yesu asifiwe. Mpango wa barua ya pwani umebaki. Roho iliyotiwa ndani ndiyo mpya.

Kwa upande wa Wakatoliki mwendo wa barua ulikuwa tofauti, lakini tatizo lilikuwa lile lile. Mwaka 1953 majimbo kamili yaliundwa Tanganyika, Iringa na Mbeya yakiwamo, na mwaka huo huo maaskofu walitoa waraka wa pamoja juu ya Waafrika na mwenendo wa maisha ya Kikristo. Wakati ule miongoni mwao alikuwamo askofu mmoja tu Mwafrika, Laurean Rugambwa. Waraka ulikuwa na nia njema. Lakini Mwafrika ndani yake ni mtu anayezungumzwa. Miaka 21 baadaye, katika Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1974 huko Roma, iliyohusu uenezaji wa Injili, aliyetoa taarifa juu ya hali ya Afrika alikuwa James Sangu, Askofu wa Mbeya. Katika sinodi hiyo maaskofu wa Afrika walitangaza kwamba theolojia ya kurekebisha mambo ya nje tu imepitwa na wakati, na kwamba Injili yapasa kuvaa mwili katika maisha ya watu wenyewe. Tofauti ya maandishi haya mawili haiko katika mafundisho ya imani, ambayo hayakubadilika. Iko katika nani ashikaye kalamu. Yule aliyekuwa swali katika waraka wa 1953 alikuwa msemaji mwaka 1974.

Walutheri nao walipitia njia hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Judah Kiwovele, aliyeongoza dayosisi ya kusini ya kanisa hilo yenye makao Njombe, aliandika juu ya ndoa za wake wengi kama tatizo la Kanisa katika Afrika, katika jarida la theolojia la Makumira. Swali lililokuwa limeulizwa kwa sauti ya chini barazani mwa wamishenari sasa lilichapishwa na mchungaji wa nchi ile ile kwa jina lake, mbele ya wasomi. Lakini jarida husomwa na wachache. Mzee wa usharika hungoja waraka utakaosomwa kanisani.

Na hapo ndipo pana hatari ya siku hizi. Neno waraka katika Kiswahili cha Tanzania lina kazi mbili. Katika Biblia ni jina la barua za Mitume. Katika ofisi ni jina la agizo la serikali kwa watumishi wake. Nyaraka nyingi za Kanisa zimeteleza kutoka maana ya kwanza kuingia ya pili. Huanza na nambari ya kumbukumbu, hufuata neno Yah., kisha msomaji huambiwa ahusike na kichwa cha habari hapo juu, kisha maagizo hupangwa kwa herufi, na mwisho ni mhuri. Muundo huo una faida katika kutangaza ada ya shule au tarehe ya mkutano. Lakini ukitumiwa kusema juu ya anayetengwa na meza ya Bwana, au mjane aliyerithiwa, au kijana aliyezaa kabla ya ndoa, huwa kama kumpelekea mfiwa stakabadhi badala ya rambirambi. Hakuna ndani yake mahali ambapo muulizaji aweza kusimama.

Haisemwi kwamba waraka mwema umekwisha. Nguvu yake ingali kubwa, hata nje ya Kanisa. Waraka wa Pasaka wa maaskofu wa Kilutheri wa mwaka 2018, na tamko la Baraza la Maaskofu Katoliki la Agosti 2023 juu ya mkataba wa bandari, lililotolewa wakati baraza hilo likiongozwa na Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya, yalisomwa makanisani na kujadiliwa nchi nzima. Mtu aweza kukubali hoja zake au kuzikataa. Lakini yalisikilizwa hasa kwa sababu yalianza kwa kutaja yale ambayo watu walikuwa wakiyauliza. Yashangaza kwamba nyaraka za maisha ya ndani ya Kanisa, ambako wachungaji wana haki kubwa zaidi ya kusema, mara nyingi hazifanyi hivyo.

Kazi ya wanafunzi wa fasihi katika jambo hili yajulikana. Barua zilizoko Ulaya zina watunzaji wake. Zilizoko Rungwe, Kidugala, Ilembula, Tosamaganga na Mbozi, katika makasha ya sharika, katika madaftari ya makatekista na katika mikoba ya watoto wa wachungaji wastaafu, zinaliwa na mchwa. Yapasa zikusanywe kwa ruhusa ya wenyewe, zinakiliwe, na zichapishwe kwa mpango ambao haujazoeleka: kila jibu liwekwe kando ya swali lake, na pale ambapo swali limepotea, paachwe nafasi tupu kwenye ukurasa ili msomaji ajue kwamba hapo alikuwapo mtu. Mhariri asisahihishe Kiswahili cha waulizaji kwa kisingizio cha usanifu. Makosa ya mwalimu wa kijiji aliyeandika usiku kwa mwanga wa kibatari, akitafuta neno la Kiswahili kwa jambo ambalo lugha yake ililijua vyema, ni sehemu ya maana ya barua yake.